Pembea mpya ya watoto iwekwe wapi? Mwongozo kamili kwa wenye viwanja vya kufurahishia watoto

Mashine imeshalipiwa, iko bandarini inasubiri kutolewa, na mwenye kiwanja anazunguka na futikamba akitafuta pa kuiweka. Mara nyingi huishia pale palipo patupu. Hapana mti wa kukata wala kibanda cha kubomoa, basi panaonekana panafaa. Mimi nimejifunza kuiogopa sehemu tupu ndani ya kiwanja kinachojaa watu. Wateja wameshaipima kabla yako na wameikataa: inatuama maji, inapigwa na jua la alasiri, iko karibu na shimo la choo, au iko mbali kiasi kwamba mtoto akifika ameshachoka na analia.

Mahali pa pembea ya mtoto hapapatikani kwa kuitazama ardhi peke yake. Mfuate mama aliyebeba mtoto mmoja mgongoni na kumshika wa pili mkono, tangu anaposhuka daladala mpaka anapopata pa kuketi. Miguu yake na macho yake ndiyo ramani.

Nasema pembea kwa maana ya watu wa Unguja na Pemba, ambako neno hilo hubeba kila kinachomzungusha au kumrusha mtoto: bembea za minyororo, farasi wa kuzunguka, treni ndogo, ndege za kupanda na kushuka, mpaka gurudumu kubwa. Ndiyo lugha ya sikukuuni, Mnazi Mmoja, Kariakoo ya Unguja, Tibirinzi ya Chake Chake. Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na viwanja vya pwani akilini, vya ekari moja hadi tano. Mwenye kiwanja Nairobi au Mwanza atautumia pia, ila apime upya habari za upepo na mvua za kwake.

Hatua ya 1: Hesabu watu kabla ya kupima ardhi

Chora ramani ya kiwanja kwenye karatasi kubwa. Weka geti, kibanda cha tiketi, vyoo, mabomba, kila mti, kila ukuta, nguzo za taa, sanduku la umeme na pembea zote zilizopo. Usiijali sana sura ya mchoro, mradi umbali uwe sahihi. Weka alama ya kaskazini, maana utaihitaji.

Kisha chagua siku nne: siku ya kazi baada ya shule, Jumamosi, Jumapili, na siku moja ya sikukuu. Kuanzia saa 9 alasiri hadi mnapofunga, kila nusu saa, simama kwenye njia panda za kiwanja na uhesabu makundi matatu tofauti: watoto wa kubebwa, watoto wa kushikwa mkono, na watoto wanaotembea peke yao. Ukihesabu "watu" tu umepoteza siku. Kiwanja kinachojaa vijana wa miaka 15 na kiwanja kinachojaa watoto wa miaka 4 vinaweza kuwa na idadi moja ya tiketi, lakini mahitaji yao hayakutani popote.

Baada ya hapo omba ruhusa kwa familia kumi, uzifuate kwa mbali na penseli, uchore njia zao kwenye nakala za ramani. Kitu cha kutazama kwa makini ni pale wanaposimama bila sababu unayoijua. Katika kiwanja kimoja nilichofanyia kazi, treni ya watoto ilikuwa imewekwa nyuma kabisa, kwenye uwazi mkubwa, na ilizunguka na watoto watatu au wanne tu. Tulipochora njia za familia, saba kati ya kumi zilisimama kando ya ukuta wa stoo ya vifaa, mahali ambapo hapakuuzwa chochote. Tulikwenda tukasimama pale wenyewe saa 10 jioni. Palikuwa na kivuli, upepo ulipita, na ukiegemea ukuta ulikiona karibu kiwanja chote. Treni ilihamishiwa mbele ya ukuta ule, na tukaongeza mabenchi mawili. Sijawahi tena kuanza kazi hii kwa njia nyingine.

Jambo moja la mwisho katika hatua hii: piga magoti. Macho ya mtoto wa miaka mitatu yako chini ya mita moja kutoka ardhini. Kutoka hapo getini anaona mapaja ya watu, mapipa ya taka na upande wa nyuma wa vibanda. Kama kati yake na pembea yako kuna ukuta wa mita 1.2, kwake yeye pembea hiyo haipo.

Hatua ya 2: Jua ni watoto wa kimo gani

Mashine nyingi za watoto huja na kibao cha mtengenezaji kinachotaja kimo cha chini na cha juu. Kisome kabla ya kuchagua mahali, kwa sababu kimo ndicho kinachoamua jirani wa pembea hiyo. Kwa chati za ukuaji za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kati wa miaka 3 ana kama sentimita 95, wa miaka 4 kama 103, na wa miaka 5 kama 110. Maana yake pembea yenye sharti la sentimita 100 huwaacha nje watoto wengi wa miaka 3, na ya sentimita 110 huwakata watoto wa miaka 5 nusu kwa nusu.

Sasa fikiria familia ya watoto watatu, wa miaka 3, 6 na 10. Ukiwapangia kila mmoja kona yake, mama amegawanyika vipande vitatu. Kwa hiyo pembea ya kimo kidogo isiwe mbali na ya kimo cha kati. Kipimo changu ni hatua 30 za mtu mzima, na sauti ya mama iweze kufika bila kupiga kelele.

Hatua ya 3: Amua kama utazikusanya au utazitawanya

Hapa wenye viwanja hubishana, na pande zote mbili zina mifano mizuri. Cedar Point, katika jimbo la Ohio, Marekani, ina sehemu za watoto zaidi ya moja. Camp Snoopy ilifunguliwa 1999 jirani na Gemini, rola kosta yao, yaani treni ya kasi ya kupanda na kushuka, na Planet Snoopy ikaja 2008 mahali pengine kabisa ndani ya kiwanja hicho hicho. Kiwanja chao ni kirefu, rasi inayoingia ndani ya Ziwa Erie, na familia haiwezi kurudi mwanzo kila mdogo anapotaka zamu yake. Wakubwa wakienda Gemini, wadogo wana chao hapo hapo. Disneyland ya California, kwa upande mwingine, mwaka 1993 ilifungua Toontown, sehemu nzima ya watoto wadogo, nyuma kabisa ya kiwanja. Walipoifungua upya Machi 2023, moja ya mambo waliyoongeza lilikuwa majani na miti ya kupumzikia chini yake, mtoto ajilaze na mzazi anyooshe miguu.

Kwa kiwanja chenye chini ya ekari tano ushauri wangu hauyumbi. Pembea zote za walio chini ya miaka 5 ziwe kundi moja, lenye uzio mmoja, mlango mmoja na mabenchi katikati. Hapo mzazi mmoja anaweza kuwachunga wawili. Halafu weka pembea moja tu ya watoto nje ya kundi hilo, kando ya foleni ya pembea yenu kubwa kuliko zote, kwa ajili ya mdogo anayemngoja kaka yake. Hiyo moja italipa kodi ya ardhi yake, kwa sababu watu wanaongoja tayari wamesimama hapo na mtoto mkononi.

Usiziweke pembea za watoto kwenye ukingo wa geti. Kila anayeingia ataziona, kweli, lakini mtoto atang'ang'ania hapo kabla mzazi hajanunua tiketi, njia ya kuingilia itaziba, na siku ya Idd mtoto aliyeponyoka mkono atakuwa barabarani kwa hatua kumi. Acha angalau mita 20 kati ya geti na pembea ya kwanza.

Hatua ya 4: Jua, upepo na maji

Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua kama mashine itafanya kazi saa nne kwa siku au saa moja na nusu.

Tuanze na jua. Wateja wetu huja kuanzia saa 9 alasiri. Saa hizo jua limeshaelekea magharibi, na saa 10 jioni, kwenye pwani ya Dar es Salaam na Zanzibar, mti au ukuta hutupa kivuli chenye urefu wa kama mara moja na nusu ya kimo chake. Kivuli hicho huanguka upande wa mashariki. Kwa hiyo mti wa mita 8 uliopo magharibi ya pembea unakupa mita 12 hivi za kivuli wakati ule ule wateja wanapojaa, na mti huo huo ukiwa mashariki ya pembea haukupi kitu. Kabla ya kununua mabati ya paa, tafuta kwenye ramani yako kila mti mkubwa na kila ukuta mrefu, upige rangi eneo lililo mashariki yake. Sehemu nzuri ya pembea kwa kawaida imo ndani ya rangi hiyo.

Mteremko wa chuma au plastiki ngumu unahitaji uangalifu wa peke yake, kwa sababu unaunguza mapaja. Miongozo ya Ulaya huelekeza uso wa mteremko kaskazini. Ukiuchukua ushauri huo ulivyo utamweka mtoto juani, kwani kwetu, kusini mwa ikweta, jua la mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia kama mwanzo wa Machi hadi wiki ya pili ya Oktoba. Uelekeze mteremko mashariki au kusini mashariki, na kila siku kabla ya kufungua uuguse kwa kiganja. Kama huwezi kuacha kiganja chako hapo kwa sekunde tano, mtoto asipande.

Kuhusu aina ya mti, mwarobaini una kivuli kizuri na hauchafui sana. Mkungu una kivuli kipana, ila utafagia majani kila asubuhi. Mvinje ni mzuri kwa kukata upepo kuliko kwa kivuli. Mwembe huita mavu na nyuki wakati wa msimu, na maembe yaliyooza chini huteleza. Chini ya mnazi unaozaa usiweke kitu chochote cha mtoto, hata benchi, hata kwa siku moja. Kuangua nazi mapema hakutoshi, makuti makavu nayo huanguka na ni mazito.

Upepo wa pwani una misimu miwili mikubwa. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, Desemba hadi Machi hivi, na kusi kutoka kusini mashariki baada ya hapo, ikipamba moto Juni na Julai. Zote mbili zina jambo moja la kutusaidia: hutoka upande wa mashariki. Ndiyo kusema moshi wa mishkaki, chipsi na jenereta ukiwekwa magharibi ya watoto, hautawarudia katika msimu wowote kati ya hiyo miwili. Ukiunganisha na habari ya kivuli unapata mpango mmoja rahisi kukumbuka: magharibi ya pembea mti, magharibi ya mti jiko.

Maputo makubwa ya kurukia, yale yanayojazwa upepo kwa feni, ndiyo yenye hatari kubwa zaidi. Kiwango cha Ulaya kinachoyahusu, EN 14960, kinataka yasitumike upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa, na yafungwe ardhini kwa angalau sehemu sita. Nunua kipima upepo cha mkononi na kitumie. Puto hilo liwekwe nyuma ya kinga iliyo upande wake wa kusini mashariki. Safu ya mivinje au uzio wenye matundu hupunguza upepo vizuri kuliko ukuta mzima, ambao huufanya upepo uruke juu na kuanguka kwa kishindo upande wa pili. Kwa sababu hiyo hiyo, kivuli cha kutengeneza kiwe cha neti, kama ile ya bustani za mboga, kisiwe turubai. Turubai hushika upepo kama tanga.

Sasa maji, na hapa kalenda ina neno lake. Idd el Fitri hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka wa kawaida. Mwaka 2023 ilikuwa tarehe 21 au 22 Aprili, 2024 karibu na tarehe 10 Aprili, 2025 mwisho wa Machi. Yaani siku zenye wateja wengi kuliko siku zote za mwaka zimekuwa zikiangukia ndani ya masika. Idd el Hajj ya miaka hiyo ilianguka Juni, ndani ya kusi. Kiwanja kilichochagua mahali pa pembea mwezi wa Februari, ardhi ikiwa kavu na upepo ukitoka upande mwingine, kimechagua kwa taarifa ambazo siku ya Idd hazikuwepo.

Kwa hiyo ngoja mvua kubwa. Inapokatika, ingia kiwanjani na vijiti vyenye kitambaa chekundu, uchomeke kijiti ukingoni mwa kila dimbwi. Rudi baada ya saa moja, halafu baada ya saa tatu. Dimbwi lililokauka ndani ya saa moja linarekebishika kwa kifusi na mfereji. Lililobaki baada ya saa tatu, pasahau. Kama huna muda wa kungoja mvua, chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji mara mbili mfululizo, na uangalie mara ya pili yanachukua muda gani kuzama. Tena waulize walinzi na wafagiaji. Wao wanajua kila dimbwi kwa jina.

Hatua ya 5: Jicho la mama, choo na maji ya kunywa

Bibi mmoja, nilipomwamkia na kumuuliza pembea mpya ameionaje, alinieleza kwamba ni nzuri ila akikaa kivulini hamwoni mjukuu wake, na akikaa anapomwona anaungua. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa hicho. Tangu siku hiyo, kila mahali ninapopendekeza huanza na benchi. Weka kiti kivulini, kaa, na umwambie mwenzako atembee kuzunguka pale pembea itakapokuwa, akiwa ameshika ndoo nyekundu kimo cha mtoto. Pale ndoo inapopotea nyuma ya mashine, nguzo au kibanda, ndipo mtoto atakapopotea. Ruhusu ipotee kwa sekunde chache tu katika mzunguko mmoja. Kama inapotea nusu ya mzunguko, sogeza benchi au sogeza pembea.

Pima pia njia ya choo. Mtoto wa miaka 3 husema amebanwa akiwa ameshabanwa kweli. Zaidi ya mita 50 ni mbali kwake, na kama njia inakatisha pembea ya wakubwa au njia ya gari la kuleta soda, mita 30 ni mbali. Choo chenyewe kiwe upande wa magharibi pia, kwa sababu ile ile ya upepo, na kiwe na bomba la chini la kunawia mikono. Bomba la maji ya kunywa liwe karibu na mabenchi ila si ndani ya uzio wa mashine yenyewe, maana pakilowa pana matope na utelezi.

Wanaonyonyesha wapewe kona yao yenye kizuizi cha makuti au ukili, lakini yenye dirisha la kuwaona wale wengine wanaocheza. Nimeona kona nzuri za kunyonyeshea ambazo hakuna aliyezitumia, kwa kuwa mama aliyeingia humo alimpoteza mtoto mkubwa.

Hatua ya 6: Foleni ni sehemu ya pembea

Chukua mfano wa farasi wa kuzunguka wenye viti 24. Mzunguko unachukua dakika 3, kushusha na kupandisha dakika 3 nyingine. Hiyo ni mara 10 kwa saa, watoto 240. Treni yenye viti 16, inayokwenda dakika 4 na kupakia dakika 4, hubeba 120. Ukitaka mtoto asingoje zaidi ya dakika 15, foleni ya farasi hao ibebe watoto 60. Ongeza mzazi mmoja kwa kila watoto wawili, wanakuwa watu 90. Wakisimama wawili wawili, kila jozi ikichukua sentimita 60, unahitaji mita 27 za foleni. Je, zimo kwenye ramani yako? Wengi hupima mashine peke yake, halafu siku ya sikukuu foleni inakatisha njia kuu na kugongana na foleni ya aiskrimu.

Foleni hiyo nayo iwe kivulini kabla ya pembea yenyewe. Mtoto hukaa juani dakika 15 akingoja na dakika 3 akicheza. Huko Florida, Disney walipoihamisha pembea ya tembo warukao mwaka 2012 katika kiwanja chao cha Magic Kingdom, waliweka mbili badala ya moja, na foleni wakaigeuza kuwa hema lenye vya kuchezea ndani. Mzazi alipewa kifaa kilicholia zamu yake ilipofika, mtoto akaendelea kucheza. Sisi hatuhitaji kifaa. Kadi za mbao zenye namba, mkeka mkubwa chini ya neti, na kijana mwenye sauti ya kuita namba vinafanya kazi hiyo hiyo.

Hatua ya 7: Ardhi, nafasi, uzio na umeme

Haya ni ya fundi, ila mwenye kiwanja ayajue ili asidanganywe.

Vya kupanda na kuteleza: kiwango cha Ulaya EN 1176 kinataka uwazi wa angalau mita 1.5 pande zote, unaoongezeka kadiri kimo cha kuanguka kinavyopita mita 1.5, na kimo hicho kisizidi mita 3. Chini kuwe na mchanga wa sentimita 30 kwa kimo cha hadi mita 2, au sentimita 40 kwa kimo cha hadi mita 3. Mchanga wa ufukweni una chumvi inayokula chuma, kwa hiyo tumia wa mtoni au uliooshwa. Bembea za minyororo zinataka nafasi ndefu zaidi mbele na nyuma, na kamwe njia ya watu isipite hapo.

Uzio wa pembea zinazozunguka: kiwango cha Marekani ASTM F2291 kinataka kimo kisichopungua sentimita 107, na matundu ambayo mpira wa sentimita 10 haupenyi. Mlango ufunguke kuelekea nje. Msingi wa zege ufuate mchoro wa mtengenezaji. Bolti na nguzo ziwe zimechovywa zinki, la sivyo ndani ya misimu michache chumvi ya bahari itakuwa imezila kwa ndani, huku rangi ya nje ikiendelea kung'aa.

Pembea isiwe chini ya nyaya za umeme za TANESCO, ZECO au kampuni yoyote, hata ziwe juu kiasi gani. Waya wa kiwanjani upite ardhini ndani ya bomba, na kila mashine iwe na swichi yake ya kukata umeme unapovuja, ya miliampia 30, pamoja na waya wa ardhi uliopimwa na fundi mwenye leseni. Pia acha njia ya upana wa mita 4 inayofika kwenye kundi la watoto kwa ajili ya gari la zimamoto au la wagonjwa, isiyofungwa na vibanda siku ya sikukuu. Waite zimamoto waje kuitazama sehemu hiyo ukiwa bado na chokaa tu, kabla ya zege.

Hatua ya 8: Jaribu kwa kamba na chokaa

Umebaki na sehemu mbili au tatu. Zichore ardhini kwa chokaa kwa ukubwa kamili: mashine, uwazi wake, uzio, foleni, mabenchi. Zungushia kamba. Ziache wikiendi mbili. Weka ndani yake kitu cha muda kisichohitaji msingi, kama mkeka wenye mipira au baiskeli ndogo za kukodi, na uhesabu upya makundi yale matatu ya hatua ya kwanza. Utaona kama watu wanazunguka kamba kwa urahisi au wanairuka, na kama mabenchi yanajaa.

Wengine huzipa sehemu alama na kujumlisha. Mimi siafiki, kwa sababu alama nyingi za uzuri huifunika kasoro moja inayoua. Afadhali uwe na makatazo. Mahali panapokaa maji saa tatu baada ya mvua, palipo chini ya mnazi au nyaya, ambapo mzazi hawezi kumwona mtoto akiwa ameketi kivulini, au ambapo gari la wagonjwa halifiki, paondoke kwenye orodha hata kama kila kitu kingine kinapendeza. Kati ya zitakazobaki, chagua iliyo karibu zaidi na pale akina mama walipokuwa wakisimama bila kuitwa. Zikiondoka zote, usiilazimishe mashine iingie. Hamisha kibanda, panda miti miwili, chimba mfereji, au uza mashine ununue ndogo zaidi.

Hatua ya 9: Wiki za mwanzo

Fungua siku ya kawaida, usingoje sikukuu. Mpe msimamizi daftari lenye safu nne: saa, watoto waliopanda, viti vilivyobaki vitupu, na sababu ya kusimama kama mashine ilisimama. Baada ya wiki mbili, viti vitupu saa 9 na kujaa saa 11 vinakuambia habari ya jua. Kujaa kwa pembea na mabenchi kubaki matupu kunakuambia wazazi wamesimama uzioni kwa sababu hawaoni wakiwa wameketi.

Ukiona kasoro, anza kwa kuhamisha vyepesi: benchi, mlango wa uzio, upande wa kuanzia foleni, neti ya kivuli. Mara nyingi hiyo inatosha. Na siku ya Idd ya kwanza, usikae kwenye kibanda cha tiketi kuhesabu fedha. Kaa kwenye lile benchi uliloanza nalo, na ndoo yako nyekundu, kuanzia saa 9 alasiri.